Haiku ya kila siku inapokauka

Msomaji mmoja anayeandika haiku, lile shairi fupi la mishororo mitatu lenye asili ya Japani, ameniandikia hivi:

"Shikamoo, Mwalimu. Nilijiwekea ahadi ya kuandika haiku moja kila siku kwa mwaka mzima, kuhusu maisha ya kawaida ya nyumbani na kazini. Wiki mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Leo ni siku ya 23, nami nahisi nimekauka. Haiku zangu zote zinafanana, na siku mbili sikuandika kabisa. Je, ni lazima nihesabu mizani 5, 7 na 5 kwa Kiswahili? Nifanye nini ili nifike mwisho wa mwaka? Nakuwekea mbili hapa. Ya kwanza niliiandika siku ya 19, nikiwa nimechoka. Ya pili ni ya usiku wa siku ya 21. Mwanangu alihamia bwenini wiki iliyopita, na usiku ule nilikuwa macho, nikisikiliza bomba la jikoni linalovuja, huku kitanda chake kimetandikwa vilevile alivyokiacha."

Haiku zenyewe ni hizi:

Maisha yangu
ni safari ya shida,
sijui mwisho.

Nina upweke,
nyumba imenyamaza,
moyo walia.

Marahaba, na asante kwa barua yenye maelezo ya kutosha, maana ni maelezo hayo, kuliko hata haiku zenyewe, yaliyonionyesha tatizo liko wapi. Nikutoe wasiwasi mapema: hujakauka. Mtu aliyekauka hasikii bomba likivuja usiku wa manane. Wewe unaona na kusikia vizuri sana, ila unapoketi kuandika unayaweka kando uliyoyaona na kuyasikia, unaanza kutafuta maneno yanayofanana na ushairi.

Zisome tena hizo mbili. Mizani zimetimia zote, na kwa hilo sina la kusahihisha. Lakini katika ya kwanza hakuna kitu hata kimoja ambacho mtu anaweza kukitazama, kukisikia au kukigusa. Maisha, safari, shida na mwisho ni maneno makubwa ambayo yangeweza kuandikwa na mtu yeyote, siku yoyote, akiwa popote, na ndiyo sababu haiku zako zinafanana: hazikuchukua chochote kutoka kwenye siku zilimoandikwa, na siku ndizo zinazotofautiana. Haiku hiyo sitakushauri uirekebishe, kwa sababu hakuna pa kuishikia. Iache kwenye daftari kama kumbukumbu ya siku uliyochoka, kisha uendelee na safari yako.

Ya pili ina mbegu, nayo ni nyumba iliyonyamaza. Kosa lake ni kwamba upweke umetangulia mlangoni na moyo unaolia umefunga nyuma, hivyo msomaji anaamriwa ahisi nini kabla hajapewa cha kumfanya ahisi. Sasa rudi kwenye barua yako, pale ulipokuwa ukinieleza tu, bila nia ya kutunga. Nimeyachukua maneno yako nikayapanga, nikaondoa mengi, na sikuongeza picha yoyote:

Bomba lavuja;
kitanda cha mwanangu
kimetandikwa.

Upweke hautajwi, moyo hautajwi, hata usiku hautajwi, na vyote vimo. Msomaji anajua kwamba nyumba imetulia, kwa kuwa bomba linalovuja mchana halisikiki. Anajua kwamba kitanda hakijalaliwa, kwa kuwa mwandishi amekitazama saa ambayo kilipaswa kuwa kimevurugika. Neno "kimetandikwa" limejaza mshororo mzima peke yake, na kauli yake ya kutendwa inaficha aliyekitandika, ambaye hayupo. Hii ndiyo haiku uliyokuwa nayo usiku wa siku ya 21, na uliiandika kwenye barua badala ya kuiandika kwenye daftari.

Itazame pia ile nukta mkato baada ya mshororo wa kwanza. Haiku ya Kijapani huwa na mkato, na kwa kawaida mkato huo hubebwa na kijineno maalumu kinachoitwa kireji, kama vile "ya", "kana" au "keri". Kazi yake ni kuzitenga sehemu mbili za shairi ili msomaji azikutanishe mwenyewe. Katika shairi mashuhuri la mshairi wa Kijapani Matsuo Basho, la mwaka 1686, upande mmoja kuna bwawa la kale, upande wa pili chura anajitosa na mlio wa maji unasikika, na kati yao kuna "ya". Kiswahili hakina kijineno cha namna hiyo, lakini tuna kituo, nukta mkato na kistari, tena tuna uwezo wa kuiacha sentensi ya kwanza ijitegemee bila kiunganishi. Jiepushe na "kwa sababu", "hivyo" na "kama" mahali pa mkato. Ukiandika kwamba bomba lavuja kama machozi, umekwisha kumfanyia msomaji kazi yake, na hana tena sababu ya kubaki ndani ya shairi.

Sasa nije kwenye mizani, ambalo ndilo swali lako la wazi. Haiku ya Kijapani ina vipashio 17, vimegawanywa 5, 7 na 5, na kila kipashio huitwa "on". On si silabi hasa. Jina Tokyo, kwa hesabu ya Wajapani, lina on 4, kwa kuwa irabu zake mbili ndefu huhesabiwa mara mbilimbili, na Nippon lina 4 pia, kwa kuwa kile kimya kifupi cha katikati, penye "p" mbili, na ile "n" ya mwisho kila kimoja kina hesabu yake. Waandishi wa Kiingereza wamesumbuliwa sana na jambo hili, kwa kuwa silabi 17 za lugha yao hubeba habari nyingi kuliko on 17, na wengi wao wameacha kabisa kuhesabu.

Kwetu hali ni nyingine, na mimi huifurahia kila ninapoifundisha. Silabi zetu huishia kwa irabu, kama za Kijapani kwa sehemu kubwa, na sikio letu limezoea tangu zamani kuipa nasali, yaani sauti ya puani kama "m" au "n" inayosimama kama silabi, hesabu yake yenyewe: "mtu" ni mizani 2, "nchi" ni 2, "mtoto" ni 3, na "taa" ni 2 kwa kuwa irabu hazimezani. Zaidi ya hayo, mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, yaani 8 za ukwapi, kipande cha kwanza, na 8 za utao, kipande cha pili. Haiku nzima, kwa mizani zake 17, ina urefu unaokaribia kabisa mshororo mmoja wa shairi. Ukijaribu kuisikia hivyo, utaacha kuiona kama umbo geni lililobanwa mno. Ni mshororo mmoja uliokatwa mara tatu, ukaachwa usimame bila ubeti.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba uhesabu, angalau kwa miezi mitatu ya kwanza. Kuhesabu kunakulazimisha uligeuzegeuze kila neno, na kitenzi cha Kiswahili ni chombo kizuri kwa zoezi hilo. Tazama: "anaondoka" ina mizani 5, "aondoka" ina 4, "kaondoka" ina 4, "ameondoka" ina 5. Ukitafuta mizani utajikuta unalazimika kujiuliza kama mtu huyo bado yuko mlangoni, au amekwisha kwenda na kiti chake kiko wazi, na swali hilo ni la maana kuliko mizani zenyewe. Jibu lipatikane kwanza kutokana na ulichokiona, kisha hesabu ifuate. Ukiona umembakiza mtu mlangoni kwa ajili ya mizani moja tu, umedanganya.

Adui mkubwa wa anayehesabu ni vijazio. "Sana", "kweli", "hakika", "jamani" na "tu" huingia kimyakimya kukamilisha mshororo, nasi tunavizoea kiasi cha kutoviona. Nitakupa mfano wangu. Nilikuwa kwenye foleni, mbele yangu mtoto wa kama miaka minne ameshikwa mkono na mama yake, naye alikuwa ananong'ona hesabu. Ilinichukua muda kutambua kwamba alikuwa anahesabu visigino, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa usawa wa macho yake alipoinama. Nikaandika:

Foleni ndefu;
mtoto ahesabu
visigino.

Mshororo wa tatu una mizani 4. Kwa siku mbili uliishia na "visigino tu", mizani 5 kamili, na kila nilipousoma kwa sauti ile "tu" ilisikika kama mtu anayekohoa nyuma ya pazia. Nikaiondoa na upungufu nikauacha uonekane. Washairi wetu wana inkisari ya kufupisha neno na mazida ya kulirefusha, na katika shairi la arudhi, lile linalofuata kanuni za vina na mizani, sina ugomvi navyo, lakini katika haiku neno lililovutwa au kukatwa husikika mara moja, maana hakuna maneno mengine ya kulifunika. Heri mizani moja ipungue.

Vina usivitafute. Maneno yetu yanaishia kwa irabu tano tu, kwa hiyo vitakuja vyenyewe mara kwa mara, na vikija usivifukuze. Ila ukivilenga, haiku itajifunga kama kibwagizo na kubaki bila nafasi ya msomaji kuingia. Kuna tabia nyingine ya ushairi wetu ambayo ni fahari kubwa mahali pake lakini huiua haiku, nayo ni mawaidha. Tumerithi ushairi unaosemeshana: unausia, unajibu, unafumba na kufumbua. Haiku haimsemeshi mtu. Wanafunzi wangu wazuri kabisa, wale walioshiba tenzi tangu utoto, ndio hupata tabu zaidi hapa, kwa sababu mshororo wa tatu ukifika mkono wao hunyooka wenyewe kuelekea kwenye fundisho. Ukiona wako unafanya hivyo, futa mshororo huo na uandike mahali pake kitu kilichokuwa karibu nawe wakati ule, hata kama kinaonekana hakina uhusiano wowote.

Huenda ukasikia kwamba haiku lazima iwe na kigo, yaani neno la msimu, na kwamba mambo ya watu na ya nyumbani ni ya senryu, utanzu uliopewa jina la mshairi wa Kijapani Karai Senryu, aliyeishi kati ya 1718 na 1790. Ni kweli kwamba tofauti hiyo ipo. Kwa zoezi lako haina haja ya kukunyima usingizi, ila ukiwa na neno kama vuli, kipupwe, kaskazi au kusi, jaribu kuliweka, kwa kuwa neno moja la namna hiyo huleta hewa, mwanga na wakati wa mwaka bila kutumia sentensi ya pili.

Nimebakiza kiini cha shida yako, ambacho ni saa unayoandika. Hukunitajia, lakini nakisia kwamba unaandika usiku, kabla ya kulala, kwa kujiuliza, "Leo niandike nini?" Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza na sikuvuka siku ya 40. Usiku, siku nzima imekwisha kuwa muhtasari. Kilichobaki kichwani ni uchovu, furaha, hasira, na haya ndiyo maneno yanayoshuka kwenye karatasi. Basi igawe kazi hiyo mara mbili. Mchana, jambo linapokushika sikio au jicho, liandike papo hapo kwa maneno matano au sita yasiyopangwa, bila kuhesabu chochote: "bomba, kitanda cha mwana, kimetandikwa, saa nane". Tumia kipande chochote cha karatasi, au simu. Jioni chukua dakika kumi, si zaidi, uyageuze maneno hayo kuwa mishororo. Ukikuta vipande vitatu, chagua kile ambacho huelewi kwa nini kilikushika. Ukikuta hakuna, basi siku hiyo usitunge. Simama dirishani au mlangoni kwa dakika hizohizo kumi, usikilize.

Unaweza kuogopa kwamba nyumba moja na ofisi moja haziwezi kutoa vitu 365. Hapo nakuomba umfikirie mshairi wa Kijapani Masaoka Shiki, aliyezaliwa mwaka 1867, ambaye ndiye hasa aliyelieneza jina "haiku" kwa shairi hili linalojitegemea. Kabla yake liliitwa hokku, na lilikuwa ubeti wa kufungulia mashairi marefu ya kupokezana. Shiki alisisitiza kuchora kwa maneno kutokana na kitu chenyewe kilicho mbele ya macho, njia aliyoiita shasei. Kifua kikuu kilimwingia kwenye uti wa mgongo, na miaka yake ya mwisho aliishi kitandani. Mwaka 1896, theluji ikianguka nje, aliandika haiku ambayo ndani yake hakuna theluji inayoonekana: anasema tu kwamba aliuliza tena na tena imefikia kina gani. Anayeuliza hawezi kuinuka, na tunalijua hilo kutokana na neno "tena na tena". Mei 1902 alianza kuandika gazetini maandishi mafupi ya kila siku kutoka kitandani hapo, na akafungua kwa kusema kwamba kitanda cha shaku sita, kama mita 1.8 hivi, ndicho ulimwengu wake, na kwamba hata hicho ni kipana mno kwake. Aliendelea hadi siku mbili kabla ya kufariki, tarehe 19 Septemba mwaka huo. Kila ninapoulizwa kama mada zitaisha, huona kitanda hicho.

Ukitaka njia ya kuyafanyia hayo mazoezi, chagua kitu kimoja ukae nacho siku saba: kufuli, ndoo, kiti cha mwenzako kazini. Siku ya kwanza na ya pili utaandika kile ambacho kila mtu anakijua. Ya tatu utakereka. Kuanzia ya nne utaanza kuona kwamba ufunguo unaingia kwa shida ukiwa na haraka, kwamba ndoo ina mlio mmoja ikiwa tupu na mwingine ikijaa, kwamba kiti kile kina mkunjo upande mmoja wa mto wake. Sijapata kuona mwanafunzi aliyelimaliza zoezi hili akalalamika tena kwamba haiku zake zinafanana.

Kuhusu siku mbili ulizozikosa, usizilipe. Anayelipa deni la haiku huandika tatu kwa jioni moja, na zote tatu huwa za kubuni. Andika tarehe, acha nafasi wazi, endelea kesho yake. Hesabu yenyewe haina uzito unaoupa. Mwaka 1684 mshairi wa Kijapani Ihara Saikaku alitunga beti 23,500 za haikai, ushairi wa beti zinazofuatana ambao hokku ilikuwa ubeti wake wa kwanza, kwa mchana mmoja na usiku wake, kwa kasi ambayo waandishi hawakuweza kuyanukuu maneno yake. Ni tendo la ajabu la ulimi na pumzi, lakini mtu aliye kwenye kasi hiyo hana nafasi ya kutazama kitanda. Mfano utakaokufaa zaidi ni wa Richard Wright, mwandishi wa Marekani aliyekuwa akiishi Ufaransa. Katika mwaka mmoja na nusu hivi wa mwisho wa maisha yake, kabla ya kufariki mwaka 1960, akiwa mgonjwa muda mwingi, aliandika haiku zipatazo 4,000. Kutokana na hizo alichagua mwenyewe 817, ambazo zilitoka kitabuni mwaka 1998. Ni kama moja katika kila tano. Jipe ruhusa hiyohiyo: kati ya haiku thelathini za mwezi, tegemea sita za kubaki nazo, na hizo nyingine uzihesabu kuwa ni siku ulizokuwa unatazama. Usizichague jioni ileile. Zisome mwisho wa mwezi, kwa sauti, na utie alama kwenye zile ambazo zinakurudisha mahali uliposimama ulipoziandika.

Kwa leo, siku yako ya 23, sitakupa mada. Rudi kitandani kwako saa ileile usikilize. Na kama fundi amekwisha kulitengeneza bomba, andika jinsi usiku unavyosikika sasa.